Sura ya Sita: Mtandao Ukigoma Nyumbani

Katika miji yetu kuna tiba moja inayopewa karibu kila kompyuta iliyogoma kuingia mtandaoni: kupigwa Windows upya. Mtu anabeba laptopu hadi kwa fundi, fundi anachomeka flashi, na jioni mashine inarudi ikiwa tupu. Picha za watoto zimekwenda, faili za kazi zimekwenda, na mwenye mali amelipa. Wiki haijaisha, mtandao unakata tena palepale, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye ruta, au kwenye waya, au kwenye bando lililoisha, au kwenye namba moja tu iliyokaa vibaya. Nimeiandika sura hii ili hasara hiyo ikome nyumbani kwako. Matatizo mengi ya mtandao wa nyumbani yanamalizwa na mwenye kompyuta mwenyewe, bila kufuta hata picha moja, mradi ajue pa kuanzia.

Ukibonyeza anwani ya gazeti, ombi lako linapita vituo kadhaa kabla ya ukurasa kurudi. Linatoka kwenye kivinjari na kuingia kwenye kadi ya mtandao, yaani kile kipande kilichomo ndani ya kompyuta kinachoshughulika na Wi-Fi au waya. Kutoka hapo linafika kwenye ruta, ruta inalipeleka kwa kampuni inayokuuzia intaneti, na kampuni inalipeleka nje ya nchi kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Kituo chochote kati ya hivyo kinaweza kukwama peke yake, na dalili utakayoiona kwenye kioo itakuwa ileile: hakuna intaneti. Kwa hiyo kazi yote ni kujua ombi limefika wapi likakwama. Ukishapajua, dawa yenyewe huwa fupi.

Uliza kwa jirani

Maji yakikatika, hakuna anayeanza kufungua bomba kwa spana. Tunauliza kwanza kama kwa jirani yanatoka. Kwenye mtandao jirani wako ni simu. Iunganishe na Wi-Fi ileile ambayo kompyuta inaitumia, kisha zima data ya simu. Hatua hiyo ya kuzima data wengi huiruka, na ikirukwa kipimo chote kinaharibika. Simu ikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti, inahamia kimyakimya kwenye laini, ujumbe wa WhatsApp unaingia, na watu nyumbani wanakubaliana kwamba Wi-Fi ni nzima na kompyuta ndiyo mbovu. Zima data, fungua tovuti ambayo hujaifungua siku hiyo, halafu uamini unachokiona.

Simu ikipata na kompyuta ikakosa, kosa liko kwenye kompyuta au kati yake na ruta, na nitalifikia hivi punde. Vyote viwili vikikosa, iache kompyuta kabisa. Usiguse mipangilio yake hata kidogo, maana ukibadilisha kitu sasa, mtandao utakaporudi kwa wengine wewe utabaki na kosa ulilolitengeneza mwenyewe.

Sasa itazame ruta. Kama ni ya laini ya simu, angalia salio la bando kwanza, hata kama unaamini bado lipo. Kompyuta ya Windows hupakua masasisho yake bila kuuliza, na inaweza kumaliza usiku mmoja bando ambalo simu ingelitumia wiki nzima. Kinga yake ipo: ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi unayotumia na uwashe kipengele kinachoitwa “Metered connection”. Kompyuta itaelewa kwamba data hiyo inalipiwa kwa kipimo, na itaahirisha sehemu kubwa ya upakuaji wake.

Kama ni ruta ya faiba, tafuta taa mbili, PON na LOS. PON ikiwaka kijani bila kupepesa, mwanga unafika nyumbani kwako. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya wa faiba umekatika, umepindwa mno au umechomoka. Hakuna kitufe kwenye kompyuta kinachoweza kurekebisha hilo. Angalia tu kama waya mwembamba unaoingia kwenye ruta haukubanwa na mguu wa meza au kukunjwa nyuma ya kabati, kisha ipigie simu kampuni na uwaambie neno moja: LOS nyekundu. Watakuelewa haraka kuliko ukisema intaneti inasumbua. Ncha ya waya huo usiiguse kwa kidole, na usiichungulie.

Jambo moja kuhusu ruta sijaliona likielezwa inavyostahili, nalo ni chaja yake. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huichosha chaja kabla ya kuichosha ruta. Ruta yenye chaja iliyochoka huwaka vizuri, taa zote zinapendeza, lakini watu wakishakuwa wengi mtandaoni inajizima na kujiwasha yenyewe. Watu huilaumu kampuni kwa miezi. Mwingine anaazima chaja ya king'amuzi kwa kuwa ncha inaingia. Geuza ruta usome maandishi ya chini yake, kisha soma ya kwenye chaja. Volti lazima zilingane kabisa, na ampea za chaja ziwe sawa na zile ruta inazotaka au zaidi. Ruta ya volti 12 haitatulia kwa chaja ya volti 9, na ruta ya volti 9 inaweza kuungua kwa chaja ya volti 12.

Kama taa zote ziko sawa na bando lipo, chomoa ruta kwenye umeme, subiri nusu dakika, irudishe, na uipe dakika tatu nzima kabla ya kuihukumu. Ikishindikana, huenda jambo lenyewe liko mbali na mlango wako. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu kwa siku kadhaa. Miaka miwili na nusu hivi kabla yake, Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, kuanzia jioni kwa saa za huku kwetu, kutokana na kosa lililofanyika ndani ya kampuni yenyewe. Katika siku kama hizo kompyuta nyingi nzima hufunguliwa bure. Ndiyo sababu nasisitiza kuuliza kwanza: kwa jirani wa nyumba ya pili, kwa mwenzako wa kazini, kwa mtu anayetumia kampuni nyingine.

Namba inayosema ukweli

Tuseme sasa simu inapata na kompyuta haipati. Tazama pembeni ya kioo, chini kulia. Utakuta moja ya hali tatu. Ama kompyuta imeunganishwa na Wi-Fi lakini inasema hakuna intaneti. Ama Wi-Fi inafanya kazi lakini jina la mtandao wako halionekani. Ama sehemu yenyewe ya Wi-Fi imetoweka, kana kwamba kompyuta haikuwahi kuwa nayo. Hizi ni shida tatu tofauti, na dawa ya moja haisaidii nyingine. Nianze na ya kwanza, ambayo ndiyo ya kila siku.

Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu aliniita jioni moja.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu njoo uione hii, imenishinda. Yenyewe inasema imeunganishwa, lakini matokeo ya mjukuu hayafunguki.”

“Simu yako inafungua?”

“Inafungua. Nimezima data kama ulivyonifundisha.”

Nilimwomba abonyeze kitufe cha Windows, aandike cmd, kisha Enter. Kidirisha cheusi kikatokea. Akaandika ipconfig, akabonyeza Enter tena, na maandishi yakashuka. Nikamwambia atafute mstari wa “IPv4 Address” chini ya sehemu ya Wi-Fi, anisomee.

“Mia moja sitini na tisa, nukta, mia mbili hamsini na nne…”

Hakuwa na haja ya kuendelea. Kila kifaa kinachoingia kwenye mtandao wa nyumbani hupewa namba yake na ruta, na kwa kawaida namba hizo huanza na 192.168, au wakati mwingine na 10. Kompyuta ikiomba namba na isijibiwe, inajitungia yake, na hiyo ya kujitungia huanza na 169.254. Maana yake ni kwamba kadi ya mtandao inafanya kazi, ombi limetoka, lakini ruta haikujibu. Mtu mwenye namba hiyo hana sababu ya kugusa kivinjari, antivairasi wala Windows. Simu ya Mwalimu ilikuwa inaingia kwa kuwa ilikwisha kupewa namba mapema siku hiyo, wakati ruta bado ilikuwa inajibu. Tuliizima ruta tukaiwasha, akaandika ipconfig /renew, na namba ikaja: 192.168.1.7. Matokeo yakafunguka, na nyumba nzima ikajaa kelele za furaha.

Ningependa kila anayesoma kitabu hiki aishike namba hiyo, 169.254, kama anavyoshika namba ya mita yake ya umeme. Ni kipimo cha bure, kinachukua nusu dakika, na kinaigawa shida katikati.

Kama namba ni nzuri, ya 192.168 au 10, endelea kwenye kidirisha kilekile. Kwenye majibu ya ipconfig kuna mstari wa “Default Gateway”. Hiyo ni anwani ya ruta yako, tuseme 192.168.1.1. Andika ping 192.168.1.1. Programu hii ndogo iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi Desemba 1983, na kazi yake haijabadilika: inatuma ujumbe mfupi, inasubiri jibu, inakuambia jibu limechukua milisekunde ngapi. Ruta ikijibu, njia ya kutoka kwako hadi kwenye ruta ni salama. Kisha andika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya seva za Google zilizo wazi kwa watu wote. Hizo zikijibu, umetoka nje ya nyumba na intaneti ipo. Mwisho andika ping na jina la tovuti yoyote kubwa, kwa mfano ping google.com.

Hapa ndipo penye faida kubwa. Ikiwa 8.8.8.8 inajibu na jina halijibu, basi intaneti unayo. Unachokosa ni huduma ya kugeuza majina kuwa namba, inayojulikana kwa herufi tatu, DNS. Kompyuta hazitafutani kwa majina. Tangu 1983, Paul Mockapetris alipoubuni mfumo huo, kila unapoandika jina la tovuti kuna seva inayoulizwa namba yake kwanza. Seva hiyo ya kampuni yako ikilala, kurasa hazifunguki ingawa njia iko wazi. Anza kwa ipconfig /flushdns, amri inayofuta majibu ya zamani ambayo kompyuta imeyahifadhi. Ikishindikana, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wako, tafuta sehemu ya DNS, na uweke mwenyewe 8.8.8.8, na ya akiba 1.1.1.1. Ya kwanza Google waliifungua Desemba 2009. Ya pili Cloudflare waliifungua Aprili 2018. Zote mbili ni bure.

Na ikiwa majina nayo yanajibu lakini kivinjari bado kinakataa? Kwanza angalia VPN, yaani programu inayoupitisha mtandao wako kwenye seva ya mbali. Nyingi za bure, zikikatika vibaya, huacha mlango umefungwa nyuma yake. Izime, na ikibidi iondoe. Angalia pia sehemu ya proksi kwenye mipangilio ya mtandao: nyumbani kwa kawaida inatakiwa iwe imezimwa, na ikiwa imewashwa na si wewe uliyeiwasha, kuna programu iliyofanya hivyo bila ruhusa yako na inafaa kutafutwa.

Halafu tazama saa. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi ya aina ya CR2032, inayotunza tarehe mashine ikiwa imezimwa. Kwenye kompyuta za mezani za mtumba betri hii mara nyingi imekufa, na kila ukiwasha, tarehe inarudi miaka mingi nyuma. Tovuti za siku hizi hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayodhani leo ni Januari 2012 itaviona vyeti vyote kuwa bado havijaanza kutumika, na itakataa kufungua karibu kila kitu huku Wi-Fi ikionekana nzima. Rekebisha tarehe, kurasa zitafunguka papo hapo. Kisha nunua betri. Ni ya bei ndogo na inauzwa hata kwa mafundi saa.

Jina lisiloonekana

Hali ya pili inawachanganya hata watu wazoefu: simu inauona mtandao wa nyumbani, kompyuta inaona mitandao ya majirani, lakini wa nyumbani haiuoni. Sababu huwa ni mawimbi. Ruta nyingi za sasa hurusha kwenye gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Laptopu za zamani zina kadi inayosikia 2.4 peke yake. Ruta ikiwekwa irushe 5 tu, kwa laptopu hiyo mtandao haupo. Kuna na jambo la chaneli. Kwenye 2.4 kuna chaneli zenye namba 1 hadi 13, lakini Marekani hutumia 1 hadi 11, na kadi za kompyuta zilizotengenezwa kwa soko la huko nyingi hazisikilizi 12 wala 13. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa huku kwetu zimetoka Marekani. Ruta ikijichagulia chaneli ya 13, simu itaiona na laptopu haitaiona. Fungua kivinjari kwenye simu, andika ile anwani ya ruta, ingia kwa nywila iliyoandikwa chini ya ruta, na uweke chaneli mwenyewe: 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani.

Kama jina linaonekana ukiwa karibu na ruta na kupotea ukihama chumba, fikiria kuta. Gigahezi 5 ina kasi lakini inachoka haraka kwenye tofali za saruji, 2.4 inapenya zaidi, ila inagombana na majirani na hata na maikrowevu, ambayo nayo hutumia mawimbi ya karibu gigahezi 2.45. Ruta iliyofichwa nyuma ya friji au televisheni inapigana na bati. Ipandishe juu, iwe wazi, katikati ya nyumba.

Lakini ikiwa laptopu inashika Wi-Fi pale tu unapoibandika kando ya ruta, na simu inashika nyumba nzima, uliza swali hili: ilifunguliwa lini mara ya mwisho? Juu ya kadi ya Wi-Fi kuna vichwa viwili vidogo vya shaba, na nyaya mbili nyembamba, mara nyingi moja nyeusi na moja nyeupe, zinabonyezwa juu yake. Nyaya hizo zinapanda hadi kwenye fremu ya kioo, ambako antena zimefichwa. Fundi akibadilisha kibodi au kusafisha feni, ni rahisi kuzisahau bila kuzirudisha. Mashine itawaka, Wi-Fi itaonekana, na itakuwa inasikia kwa shida tu. Dawa ni kuzibonyeza mahali pake. Usikubali kuuziwa kadi mpya kabla hazijaangaliwa.

Kadi iliyotoweka

Hali ya tatu inatisha zaidi kwa macho, maana kitufe cha Wi-Fi hakipo kabisa. Anza na rahisi: hali ya ndegeni, na kile kitufe cha kibodi chenye alama ya ndege au mnara, kinachobonyezwa pamoja na Fn. Watoto hukigusa bila kujua.

Kisha iwashe upya, na hapa kuna jambo la kuelewa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kompyuta kwa “Shut down” si kuizima kikamilifu. Kwa kawaida sehemu ya ndani ya Windows huhifadhiwa kwenye diski kama ilivyo ili kesho iwake haraka, na kadi iliyokuwa imeganda inaweza kuamka ikiwa bado imeganda. “Restart” ndiyo inayoanza upya kweli. Mtu anaweza kuapa kwamba ameizima na kuiwasha mara nyingi, naye anasema kweli, ila hajawahi kubonyeza “Restart”. Ikishindikana, izime, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki uishe, kisha washa. Kadi nyingi zilizotoweka baada ya umeme kukatika ghafla hurudi kwa njia hii.

Zisiporudi, bonyeza kulia kwenye alama ya Windows na ufungue “Device Manager”, kisha “Network adapters”. Hilo ni daftari la mahudhurio la vipande vya kompyuta. Kadi yako ikiwa na mshale mdogo unaoelekea chini, imezimwa tu. Bonyeza kulia uiwashe. Ikiwa na pembetatu ya njano, ifungue usome msimbo. Msimbo 28 unasema draiva haipo, na draiva ndiyo programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na kadi. Msimbo 10 unasema kadi imeshindwa kuanza, na mara nyingi dawa ni kuondoa draiva na kuiweka tena, au kurudi kwenye ya zamani kwa “Roll Back Driver” kama shida ilianza baada ya sasisho.

Kadi inayokata kila baada ya muda, hasa ukiiacha mashine kidogo, ina sababu nyingine. Kwenye dirisha hilohilo la kadi kuna kipengele cha “Power Management”, na ndani yake alama ya tiki inayoiruhusu Windows kuizima kadi ili kuokoa betri. Ondoa tiki hiyo. Kwa watu wanaolalamika kwamba Wi-Fi inajikata yenyewe, hapa ndipo ninapoanzia. Si kompyuta zote zinaonyesha kipengele hicho. Kama chako hakipo, pita.

Sasa turudi kwa wale waliokwisha kupigiwa Windows. Mara nyingi mashine inarudi bila draiva ya Wi-Fi, na draiva yenyewe iko mtandaoni, na mtandaoni hakuingiliki bila draiva. Njia ya kutoka iko mfukoni mwako. Unganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, fungua mipangilio ya hotispoti kwenye simu, na uwashe ile ya USB. Kwa simu nyingi za Android, Windows huitambua yenyewe kama kadi ya mtandao, bila kuhitaji kitu kingine, na intaneti inapatikana kupitia waya. Kisha nenda tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, weka namba ya toleo iliyoandikwa chini yake, na upakue draiva ya Wi-Fi. Kama maandishi yamefutika, fungua kadi isiyotambuliwa kwenye “Device Manager”, nenda “Details”, kisha “Hardware Ids”. Utaona herufi VEN na namba baada yake. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros. Sasa unajua ni ya nani. Jiepushe na zile programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa bonyezo moja. Nyingi zinaleta matangazo na takataka ambazo hukuziomba.

Wanaotumia waya wana kazi nyepesi. Taa ndogo kwenye tundu la waya isipowaka, jaribu waya mwingine na tundu jingine la ruta. Ikiwaka lakini kasi ikagota kwenye megabiti 100 wakati ruta na kompyuta zinaweza 1000, hesabu nyuzi: ndani ya waya huo kuna nyuzi nane, kasi ya 100 inatosheka na nne, ya 1000 inazitaka zote. Uzi mmoja uliokatika kwenye kichwa cha waya, ukiwa si kati ya zile nne, hauui mtandao, unaupunguza tu. Na waya usizidi mita 100.

Yote haya yakishindikana, Windows ina kitufe cha “Network reset” kwenye mipangilio ya mtandao. Kinaondoa kadi zote na kuzipanga upya, kinafuta nywila za Wi-Fi ulizohifadhi na kuharibu mipangilio ya VPN, lakini hakigusi faili zako. Ziandike nywila kwanza, kisha kitumie. Baada yake, kama kadi bado haionekani, inawezekana imekufa kweli. Hata hapo usikimbilie kununua kompyuta: kadi ndogo ya Wi-Fi ya kuchomeka kwenye USB inauzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei ya laptopu na inafanya kazi ileile.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, nenda na karatasi. Andika kama simu inapata kwenye Wi-Fi hiyo data ikiwa imezimwa, namba iliyoletwa na ipconfig, kama ruta na 8.8.8.8 zinajibu, na msimbo uliouona kwenye “Device Manager”. Nakili faili zako kabla ya kutoka nyumbani. Fundi anayeijua kazi yake ataanzia kwenye karatasi hiyo na atakushukuru. Akikuambia dawa ni kupiga Windows kabla hajaisoma, chukua kompyuta yako urudi nayo.